Fremu kwenye ghorofa jipya au chumba kwenye jengo la zamani: kupanga duka na ofisi kuzunguka Boma la Kale, Posta

Boma la Kale liko kona ya Barabara ya Morogoro na Sokoine Drive. Ni jengo la ghorofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, lililojengwa miaka ya 1860 Sultan Majid bin Said alipokuwa akiuanzisha mji wa Dar es Salaam. Tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu majengo cha DARCH. Kivuli kinacholiangukia ni cha maghorofa pacha yaliyojengwa na mfuko wa pensheni, yenye ghorofa 35, na kwenye barabara hiyohiyo ya Sokoine lipo pia jengo refu la Mamlaka ya Bandari. Majengo mapya ya eneo hili yana mpangilio unaofanana: chini fremu, benki na migahawa, juu ofisi, katikati maegesho. Ukirudi nyuma mitaa miwili mitatu, kuelekea Samora, India na Jamhuri, unakuta majengo ya zamani yenye mpangilio uleule kwa udogo wake: fremu chini, vyumba juu, ngazi badala ya lifti.

Anayetafuta sehemu Posta huonyeshwa na dalali vyote viwili ndani ya asubuhi moja, akapewa bei mbili za mita ya mraba, akaenda kuzilinganisha nyumbani. Hesabu huharibikia hapo. Mita ya mraba ya ghorofa jipya na ile ya jengo la zamani hazipimwi kwa namna moja, na vinavyokuja ndani ya bei si vilevile.

Boma humlipa aliye chini

Tuanze na kinachowachanganya wengi. Kuwa "mkabala na Boma" au "hatua chache kutoka Kanisa la Mtakatifu Yosefu" huongezwa kwenye bei ya kila ghorofa, hata ya ishirini. Lakini alama ya kihistoria inaleta watembea kwa miguu, na mtembea kwa miguu hapandi lifti kununua maji, kofia au laini ya simu. Thamani ya Boma iko kwenye fremu ya chini, tena ile inayotazama njia wanakopita watu. Fremu ya chini iliyogeukia maegesho ya ndani haina tofauti na ofisi ya ghorofani kwa upande wa wateja, ingawa kwenye orodha ya bei huwekwa pamoja na zile za mbele.

Kwa hiyo simama uangalie watu wanatoka wapi na kwenda wapi. Upande wa bandari kuna boti za Zanzibar karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kivuko cha Kigamboni upande wa Kivukoni, vituo vya mwendokasi vya City Council na Posta ya Zamani, na stesheni ya treni ya SGR iliyoanza kupokea abiria Juni 2024. Watu hawa wana haraka na mizigo. Wanafaa kwa chakula cha haraka, vocha, dawa, begi, tiketi. Hawafai kwa duka la fanicha wala la nguo za harusi. Mteja wa vitu hivyo hutoka nyumbani akijua anakwenda duka gani, na kinachomsumbua ni pa kuegesha gari, si umbali kutoka Boma.

Hesabu wapita njia mwenyewe: dakika 15 saa 2 asubuhi, 15 saa 7 mchana, 15 saa 11 jioni, siku ya kazi moja na Jumamosi moja. Hesabu upande wa fremu yako tu, si barabara nzima. Jua la jioni huwahamishia watu upande wenye kivuli, kwa hiyo fremu mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na biashara tofauti kabisa saa kumi.

Ghorofani hadithi ni nyingine. Wizara zilipoanza kuhamia Dodoma kuanzia 2016, na kampuni nyingine zikafuata makazi ya wateja wao Masaki na Barabara ya Bagamoyo, wenye majengo ya katikati ya jiji walipoteza wapangaji wa ofisi. Mpangaji wa ofisi ana nguvu ya kujadiliana kuliko anavyodhani. Mpangaji wa fremu ya mbele hana.

"Jengo la zamani" ni majengo mawili tofauti

Madalali huita yote "ya Mjerumani", hata yaliyojengwa na Wahindi baada ya Mjerumani kuondoka. Kwa fundi ni aina mbili, na zinaharibika kwa njia mbili.

Aina ya kwanza ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kama Boma lenyewe. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, na karibu kila ukuta umebeba uzito. Mpangaji anayetaka ofisi ya wazi ya meza ishirini aache wazo hilo mlangoni. Adui wa jengo hili ni maji. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kwanza, kwa sababu ndipo unyevu unapokaa, na unaweza kuona dari nzuri iliyopakwa rangi huku ncha zimebaki unga.

Aina ya pili, iliyo nyingi zaidi mitaa ya nyuma, ni majengo ya zege na matofali ya saruji ya miaka ya 1930 hadi 1950, yenye baraza, roshani za mviringo na mwaka wa ujenzi ulioandikwa juu kwa plasta. Hapa adui ni chumvi ya bahari. Inaingia kwenye zege, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande. Roshani ndiyo inayoanza. Itazame kwa chini: mistari ya kahawia inayokwenda sambamba ni nondo zinazooza. Gonga kwa mpini wa nyundo; ikitoa sauti ya debe tupu, plasta imeshaachana na zege. Jengo lililopakwa rangi mpya wiki moja kabla ya kuonyeshwa linastahili kugongwa zaidi.

Mengi ya majengo haya ya pili yalitaifishwa 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Hilo lina maana kwako. Anayekuonyesha fremu anaweza kuwa mpangaji wa Shirika anayetaka kukupangisha kinyemela na kudai kilemba juu yake, yaani fedha ya kukuachia nafasi, nje ya pango. Kilemba hakina risiti wala hakirudi, na mkataba wa mpangaji mkuu ukivunjwa, wako umekwenda nao. Omba kuona mkataba wenye jina la anayekupangisha na kibali cha maandishi cha mwenye jengo. Akikwambia "hapa kila mtu anafanya hivi", ni kweli, na ndiyo sababu ya kuondoka.

Hesabu ya mwezi mmoja

Bei zilizo hapa chini ni za mfano wa kufundishia hesabu, si bei za soko. Badilisha tarakimu, acha mpangilio.

| | Ghorofa jipya | Jengo la zamani |
|---|---|---|
| Eneo unalolitumia kweli (m²) | 80 | 68 |
| Eneo unalolipia (m²) | 92 | 80 |
| Pango kwa m² | Sh 30,000 | Sh 18,000 |
| Pango la mwezi | 2,760,000 | 1,440,000 |
| Ada ya huduma (6,000 kwa m²) | 552,000 | hakuna |
| Mlinzi, usafi, jenereta, akiba ya matengenezo | ndani ya ada | 950,000 |
| Jumla kabla ya VAT | 3,312,000 | 2,390,000 |
| Kwa kila m² unayotumia | 41,400 | 35,150 |

Ghorofa jipya hukutoza sehemu yako ya korido, vyoo na ukumbi wa lifti. Katika mfano huu ni asilimia 15 juu ya eneo lako. Jengo la zamani hupimwa nje kwa nje, na kuta nene zinameza zilizobaki. Bei ya dalali ilionyesha jengo la zamani ni nafuu kwa asilimia 40. Ukimaliza hesabu, unafuu ni kama asilimia 15, na huo unategemea jenereta lisife na paa lisivuje.

Kisha kodi. VAT ya asilimia 18 hutozwa na mwenye jengo aliyesajiliwa, na maghorofa makubwa yote yapo kundi hilo. Katika mfano ni Sh 596,160 kila mwezi. Biashara yako ikiwa imesajiliwa VAT, unairudisha kwenye ritani yako, kwa hiyo si gharama, ni fedha inayokaa nje kwa muda. Kama hujasajiliwa, ni gharama kamili, na peke yake inaweza kugeuza uamuzi. Mwenye jengo dogo asiyefikia kiwango cha kusajiliwa hakutozi, na hapo duka dogo hupata unafuu wa kweli.

Kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10, huikata mpangaji na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Katika hali ya kawaida inatoka kwenye pango la mwenye jengo. Lakini soma kifungu chake. Wengi huandika kwamba pango ni "safi baada ya kodi". Maana yake ni kwamba Sh 2,760,000 lazima zimfikie zote, na pango halisi linakuwa 2,760,000 kugawa kwa 0.9, yaani Sh 3,066,667. Hizo laki tatu za juu ni zako wewe. Usipoikata kabisa, TRA inakudai wewe na faini, si yeye. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka unaposaini. Kwa mfano huu Sh 331,200. Mkataba usiolipiwa stempu haukubaliki kama ushahidi siku mkifikishana Baraza la Ardhi na Nyumba.

Zamani ofisi za maghorofani zilinadiwa kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza au kudai bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Angalia kifungu kinachosema pango ni shilingi "kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya malipo". Hicho kinakurudisha kulekule kwa mlango wa nyuma. Bora ongezeko lililoandikwa wazi, mfano asilimia 5 kila mwaka au 10 kila baada ya miaka miwili, ukijua kabla ya kusaini mwaka wa tano utalipa ngapi.

Unachokabidhiwa

Ghorofa jipya mara nyingi hukabidhiwa tupu: sakafu ya zege, hakuna dari, hakuna vyumba, waya zimeishia kwenye boksi moja. Marumaru, dari ya jipsamu, mbao au aluminiamu ya kugawa vyumba, taa na kazi ya kiyoyozi ni zako. Ndiyo maana unatakiwa kuomba kipindi cha matengenezo bila pango. Mwezi mmoja kwa fremu ndogo, miezi miwili hadi mitatu kwa ofisi ya ukubwa wa mfano wetu. Kiombe kiandikwe kuanzia siku ya kukabidhiwa funguo, si siku ya kusaini, kwa sababu kati ya hizo mbili kunaweza kupita wiki sita za mwenye jengo kumalizia lifti.

Vitu vinavyowakwamisha watu kwenye maghorofa haya si vikubwa. Dari mpya inaposhushwa, vichwa vya maji ya kuzimia moto navyo vinatakiwa kushushwa, na kazi hiyo anaifanya mkandarasi wa jengo kwa bei yake. Ukuta mpya wa kugawa ukikata chumba katikati ya njia ya hewa baridi, upande mmoja unaganda na mwingine unachemka. Lifti ya mizigo hufunguliwa usiku tu, fundi wako anadai posho ya usiku. Na mwisho wa mkataba kuna kifungu cha kurudisha sehemu kama ulivyoikuta: utalipa kubomoa dari uliyolipa kuijenga. Jadili kifungu hicho mwanzoni, wakati bado wanakuhitaji.

Maswali yanayofaa kuulizwa kwa msimamizi wa jengo, si kwa dalali: umeme ukikatika, lifti ngapi kati ya zilizopo zinafanya kazi kwa jenereta? Uniti ya jenereta inatozwa bei gani, na mita yangu inaitofautisha na ya TANESCO? Hewa baridi inazimwa saa ngapi? Mahali pengi ni saa 12 jioni, na Jumamosi mchana. Ofisi ya wahasibu inayokesha mwisho wa mwezi italipia saa za ziada au itafungua madirisha, na ghorofa la kioo halina madirisha ya kufungua. Kioo kinachotazama magharibi hupigwa na jua kuanzia saa 9 alasiri hadi machweo. Upande huo ukipewa kwa bei ileile ya upande wa bandari, omba upunguziwe.

Uliza pia sakafu imesanifiwa kubeba kiasi gani. Ofisi nyingi husanifiwa kwa kama kilo 250 kwa mita ya mraba. Rafu ya mafaili ya tabaka sita yaliyojaa huweza kufika kilo 200 kwa kila mita ya urefu, ikiwa imekalia chini ya nusu mita ya mraba. Rafu moja ukutani haina neno. Chumba kizima cha kumbukumbu katikati ya sakafu ni kazi ya mhandisi.

Jengo la zamani: kinachofanyika vibaya

Mpangaji anaingia, anakuta lipu inabanduka chini ya ukuta, anaita fundi, fundi anapiga lipu ya saruji. Miezi sita baadaye imebanduka tena, sasa hadi kiunoni. Sababu ni hii: ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unaopanda kutoka chini hutokea usoni na kukauka. Saruji inauziba, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaisukuma lipu kutoka nyuma. Kazi sahihi ni kubandua saruji yote, kusugua chumvi kwa brashi kavu, kuacha ukuta ukauke, kisha lipu ya chokaa iliyoivishwa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga msafi usio wa pwani. Loanisha ukuta kwanza, piga tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na ufunike kwa magunia mabichi siku kadhaa isikauke kwa pupa. Juu yake paka chokaa, mikono mitatu au minne myepesi. Rangi ya plastiki ni saruji kwa jina jingine.

Kwenye majengo ya zege ya miaka ya 1940 dawa ni kinyume. Huko kuweka lipu juu ya nondo yenye kutu ni kuficha ugonjwa. Zege lililolegea linachongwa mpaka nyuma ya nondo, nondo inasuguliwa hadi ing'ae, inapakwa dawa ya kuzuia kutu, ndipo zege la kuziba linawekwa. Kazi hii ni ya mwenye jengo. Ikiwa mkataba unasema "matengenezo yote ni ya mpangaji", kata neno "yote", uandike: ya ndani ni ya mpangaji, paa, kuta za nje, roshani, ngazi na mabomba makuu ni ya mwenye jengo.

Maji ya juu ndiyo hatari isiyozungumzwa. Simtanki la lita 1,000 likijaa lina tani moja. Kuliweka katikati ya paa la boriti ni kutafuta msiba. Likae juu ya makutano ya kuta, au chini likiwa na pampu. Kiyoyozi nacho: bomba la maji yake likiachwa litiririke ukutani, ndani ya masika mbili ncha za boriti za ghorofa ya chini zinaanza kulainika. Lipeleke hadi kwenye mfereji. Kwa ukubwa, kiyoyozi cha BTU 12,000 hutosha chumba cha mita za mraba 18 hadi 20 chenye kivuli. Kuta nene zinachelewa kupata joto, kwa hiyo chumba cha namna hiyo kikifunguliwa madirisha usiku hakihitaji mashine kubwa kama cha kioo.

Ukaguzi wa saa moja unaokuokoa: nenda mvua inaponyesha, si kiangazi. Chukua bisibisi, tafuta boriti inayoonekana karibu na ukuta wa nje, ichome kwenye ncha. Ikizama bila nguvu, ondoka. Weka golori sakafuni ghorofani. Ikikimbilia katikati ya chumba, sakafu imelegea. Fungua boksi la umeme: waya wenye ganda la kitambaa au mpira uliokauka ni wa kubadilishwa wote, si wa kuunganishwa. Uliza kama Luku ni yako peke yako au ya vyumba vinne. Luku ya pamoja huvunja ujirani kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu ulinzi wa kisheria, umri peke yake haulindi jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Jengo la baadaye linahitaji kutangazwa rasmi. Dar es Salaam karibu yote ni ya baada ya 1863. Kwa mpangaji kuna pande mbili: jengo lililotangazwa hutoboi ukuta wala kubadili mlango bila kibali cha Mambo ya Kale, lisilotangazwa linaweza kubomolewa mkataba wako ukiwa haujaisha. Hili la pili ndilo linalotokea zaidi Posta. Andika kifungu cha kuvunja na kujenga upya: taarifa ya miezi sita kwa uchache, kurudishiwa pango la mbele na amana, na fidia ya matengenezo uliyofanya kwa risiti.

Unguja ni mambo mengine. Mji Mkongwe mzima uko chini ya mamlaka yake ya hifadhi, na hata bango la duka lina utaratibu wake. Na ukarabati huko nao una hatari zake: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa kwenye matengenezo.

Nani akae wapi

Duka la vitu vidogo vya haraka, mgahawa wa kubeba, wakala wa tiketi: fremu ya mbele ya jengo jipya upande wa watembeao, hata kama ni ndogo. Mita za mraba 12 zinazotazama kituo cha mwendokasi zinashinda 40 za ndani. Kama bei imekushinda, fremu ya baraza kwenye jengo la zamani mtaa mmoja nyuma ni bora kuliko ghorofa ya kwanza ya jengo jipya. Ghorofa ya kwanza yenye ngazi za umeme hufa siku ngazi zinapoharibika.

Ofisi ya mawakili, wakaguzi wa hesabu, wakala wa meli, shirika la kigeni: ghorofa jipya. Wateja wao huuliza lifti, jenereta, maegesho na cheti cha Zimamoto kabla ya kuuliza kitu kingine. Walipie ghorofa ya kati isiyotazama magharibi, wasilipie mandhari.

Studio ya wasanifu, duka la vitabu au vinyago, mgahawa wa kukaa: jengo la zamani la chokaa, ikiwa paa ni zima na mwenye jengo amekubali kwa maandishi kazi ya kuta za nje. Hapo unene wa ukuta na udogo wa vyumba ni sehemu ya biashara yenyewe. Duka la jumla lenye mizigo mizito lisiende kokote kati ya haya. Mwendokasi umepita hapa, gari la mizigo halina pa kusimama mchana, na sakafu za boriti hazibebi saruji wala mafuta ya kula. Kariakoo au Barabara ya Nyerere.

Jirani akianza kuchimba

Anayepanga jengo la zamani karibu na kiwanja kitupu apange akijua kitajengwa. Shimo la maegesho ya chini linapochimbwa karibu na bandari, maji huonekana haraka na pampu hufungwa usiku na mchana. Maji ya chini yakishuka, mchanga unakaa, na jengo lisilo na msingi wa kina linafuata. Nyufa za kwanza huonekana juu ya milango na madirisha, zikiwa za mshazari.

Kabla ya kazi ya jirani kuanza, piga picha kila ukuta, kila ufa, ukiweka rula pembeni na gazeti la siku hiyo. Mwombe mwenye jengo adai ripoti ya hali ya jengo isainiwe na pande zote mbili. Juu ya kila ufa bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta pande mbili, uandike tarehe. Kioo kikikatika, ufa unatembea. Kikikatika kingine ndani ya wiki, wapigie wahandisi wa Halmashauri ya Jiji simu, toa watu na mashine ya EFD kwanza, bidhaa baadaye. Machi 29, 2013, si mbali na hapa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, maduka mengi yamefungwa.